Chumba Changu Kilikuwa Kinaongea Kunishinda

Kazi ya kwanza niliyorudishiwa tangu nianze kurekodi simulizi za sauti nyumbani ilikuwa ya dakika 12 kwa ajili ya somo la afya la mtandaoni. Nilikuwa nimeisoma vizuri, matamshi yalikuwa sahihi, na bado mteja aliandika sentensi moja tu: sauti inasikika kana kwamba msomaji ameketi ndani ya pipa. Mke wangu, ambaye kwa wiki nzima alikuwa akiniambia jambo hilohilo kwa upole zaidi, alicheka akasema, "Baba watoto, si nilikwambia?" Wakati huo nilikuwa nimekwisha kutumia akiba yangu yote kununua maikrofoni ya kondensa, nikiamini kwamba sauti nzuri huuzwa Kariakoo ikiwa imefungwa ndani ya boksi. Maikrofoni ile haikuwa na kasoro. Ilikuwa na usikivu mkubwa tu, ikakinasa chumba changu jinsi kilivyo.

Chumba chenyewe ni cha kawaida katika nyumba za kupanga za Dar es Salaam: kuta za matofali ya saruji zilizopigwa lipu, sakafu ya vigae, dirisha la nondo na wavu, na paa la mabati juu ya dari nyembamba. Kina mita 3 kwa mita 3, na umraba huo ndio uliozaa pipa. Katika joto letu sauti husafiri karibu mita 350 kwa sekunde, kwa hiyo kuta mbili zinazotazamana kwa umbali wa mita 3 huikuza mivumo ya takriban hezi 58 (mitetemo 58 kwa sekunde), kisha 117, kisha 175. Sauti ya mwanamume anapozungumza huwa na msingi wake kati ya hezi 85 na 180 hivi, maana yake chumba kilikuwa kikiitikia palepale sauti yangu inapokaa, na kwa kuwa urefu na upana ni sawa, kilikuwa kikiitikia mara mbili. Kibaya zaidi, nilikuwa nimeweka meza katikati kabisa, mahali ambapo mvumo ule wa pili hujikusanya kwa nguvu. Niliposogeza maikrofoni hadi sentimita 75 kutoka kila moja ya kuta mbili zinazokutana, yaani robo ya urefu wa chumba, uzito ule ulipungua kwa namna ambayo hata mtoto aliitambua. Sikulipa hata senti moja, na hadi leo sijapata badiliko jingine lililonipa faida kubwa kama lile.

Kabla ya hapo nilikuwa nimejaribu yale ambayo kila mtu huyajaribu. Nilibandika trei za mayai ukutani, nikapata ukuta wenye sura ya studio na sauti ileile, kwa sababu karatasi ile ni nyembamba na nyepesi mno kumeza mvumo wowote wa maana. Kisha nikatundika khanga na mapazia, na hapo mambo yakaharibika kwa njia mpya: kitambaa chembamba hupunguza ukali wa sauti za juu peke yake, kikauacha mvumo wa chini ukiendelea kuzunguka, kwa hiyo herufi "s" zilififia huku pipa likibaki palepale. Kinachohitajika ni unene na wepesi wa hewa kupenya ndani, na nyumbani kwetu kitu cha namna hiyo ni godoro. Godoro la sufi tulilorithi, ambalo lilikuwa limelala stoo kwa miaka, sasa linasimama wima chumbani, na la sponji la inchi 6 linasimama pamoja nalo.

Mahali pa kulisimamisha pana maana kuliko godoro lenyewe. Mwanzoni niliweka kila kitu mbele yangu, nyuma ya maikrofoni, kama nilivyokuwa nimeona katika picha nyingi. Lakini maikrofoni nyingi za kusimulia husikia zaidi upande wake wa mbele na kupuuza mgongo wake, na upande huo wa mbele hautazami ukuta ulio nyuma yake, bali unatazama uso wangu pamoja na ukuta ulio nyuma ya kichwa changu. Godoro la kwanza, basi, linapaswa kuwa mgongoni mwa msomaji. La pili ndilo liende mbele, na blanketi zito litandikwe juu ya meza, kwa maana meza tupu ni kioo cha sauti.

Umbali kati ya mdomo na maikrofoni ni jambo la pili. Katika chumba mwangwi hubaki karibu na kiwango kilekile popote uketipo, ilhali sauti inayotoka mdomoni moja kwa moja huongezeka kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kila unapopunguza umbali kwa nusu. Nilikuwa nikisoma nikiwa sentimita 60 kutoka kwenye maikrofoni. Niliposogea hadi sentimita 15 nilijipatia desibeli 12 za sauti safi dhidi ya chumba, bila kifaa chochote. Napima kwa shubiri isiyokunjuliwa yote.

Ukaribu huo huleta adha yake, hasa katika Kiswahili, ambacho kina "p" za kila namna. Msomaji wa pwani anayetofautisha paa wa porini na paa la nyumba kwa kuipulizia pumzi "p" ya yule mnyama ataisikia maikrofoni ikishtuka kama mlango uliopigwa teke. Soksi ndefu ya kike iliyovutwa juu ya waya wa duara inasaidia, lakini inasaidia zaidi kuiweka maikrofoni pembeni kidogo ya mdomo, ikielekezwa kwenye midomo huku pumzi ikipita kando yake. Sikubaliani na wale wanaowafundisha wasomaji kuzilainisha "p" zao ili kuiridhisha maikrofoni. Kifaa ndicho kikae pembeni, lafudhi ya mtu ibaki.

Baada ya mwangwi ikaja kelele. Niliamua kurekodi ukimya kwa sekunde 30 kabla ya kila kazi, kisha nikausikiliza kwa hedifoni. Ukimya wa nyumba yangu ulikuwa na friji, pangaboi la sebuleni, mlio wa chaja ya kompyuta na redio ya jirani. ACX, jukwaa la Amazon la vitabu vya sauti, hutaka kelele ya nyuma isizidi desibeli -60, katika kipimo ambacho 0 ndiyo sauti kubwa kabisa inayorekodika, wastani wa sauti uwe kati ya -23 na -18, na vilele, yaani pale sauti inapopanda juu kabisa, visivuke -3. Kazi zangu haziendi huko, lakini nimevichukua viwango hivyo kuwa mizani yangu, kwa sababu vinamzuia mtu asijidanganye. Nilipopima mara ya kwanza kelele yangu ilikuwa kwenye -46, yaani juu ya kiwango kwa desibeli 14. Ikumbukwe pia kwamba ukirekodi sauti hafifu ukaja kuikuza kwa desibeli 12, kelele nayo inapanda kwa 12 zilezile.

Friji nalizima, na funguo za mlango naziweka ndani yake ili nisiweze kuondoka nyumbani kabla ya kuliwasha. Hila hii ni ya watu wa filamu, nami naishukuru baada ya kuharibu samaki wa kilo mbili. Chaja naichomoa, kwa kuwa umeme wetu wa hezi 50 hupenda kuacha mngurumo wake ndani ya rekodi. Simu ninayosomea andiko naiweka katika hali ya ndegeni. Saa zangu njema ni kuanzia saa nane hadi saa kumi usiku, kabla ya jogoo na adhana. Nitakiri pia jambo la aibu kidogo: umeme ukikatika mimi hufurahi. Mtaa mzima unatulia, betri ya kompyuta imejaa, na maikrofoni yangu, ambayo ni ya USB inayopata umeme kutoka kwenye kompyuta, haihitaji zaidi ya hapo. Furaha hiyo hudumu mpaka jenereta ya kwanza iwashwe.

Kuhusu usafishaji wa rekodi nitasema machache. Katika Audacity, programu ya kuhariri sauti ambayo hutolewa bure, nakata kila kilicho chini ya hezi 80, napunguza kelele kwa desibeli 6 au 8 tu kwa kutumia sampuli ya ukimya ule niliourekodi, kisha naibana sauti kidogo, yaani napunguza tofauti kati ya sehemu zake za juu na za chini, na kuipandisha hadi kwenye viwango. Anayepunguza kelele kwa desibeli 20 atapata sauti inayobubujika kama mtu anayezungumza chini ya maji, na hapo heri kelele yenyewe. Wakati wa kurekodi vilele vyangu hucheza kati ya -12 na -6, kwa sababu sauti iliyopasuka haishoneki. Chai ya maziwa siinywi kabla ya kazi, kwani huacha mdomo ukinata na kila neno likifuatwa na mlio mdogo wa ulimi; maji ya kawaida au kipande cha embe bichi hunifaa zaidi.

Simulizi ile ya afya niliirudia usiku mmoja, nikiwa kati ya magodoro mawili, jasho likinitiririka kwa kuwa pangaboi lilikuwa limezimwa. Mteja aliipokea bila neno na kuniletea sehemu ya pili. Kilichobaki kunishinda ni mvua. Tone moja juu ya bati husikika kupita sufi na sponji zote, na mwenye nyumba hataki kusikia habari za kubadilisha paa. Kwa hiyo ikifika masika, kila ninapokubali kazi naomba siku mbili za ziada, na jioni hutoka nje kuyaangalia mawingu kabla ya kulizima friji.