Bahasha ya kaki

Mwaka 2009, nikiwa na miaka 23, nilipanda basi kutoka Goma kupitia Bunagana hadi Kampala kutibiwa limfoma ya Hodgkin, aina ya saratani ya mfumo wa limfu. Nilitundikiwa dripu mara 12 katika miezi 6, ikiwemo ile dawa nyekundu iliyogeuza hata mkojo rangi, kisha nikapigwa mionzi shingoni na kifuani. Siku ya kuruhusiwa, muuguzi mmoja alinipa bahasha ya kaki yenye karatasi aliyoandika kwa mkono majina ya dawa, jumla ya kila moja na sehemu zilizopigwa mionzi. "Binti yangu," aliniambia, "usiipoteze hii hata ukipoteza kitambulisho." Niliitikia kwa heshima tu, maana nilijiona nimekwisha kupona.

Miaka minane baadaye nilianza kusikia baridi hata saa saba mchana. Nywele zilibaki kwenye kitana na nilisinzia darasani mbele ya wanafunzi wangu. Mama mkwe alisema ni uchovu wa kunyonyesha, na zahanati moja ilinitibu malaria mara mbili bila kunipima. Daktari wa tatu, nilipomfungulia bahasha, aliweka kidole penye neno "shingo" na hapohapo akaagiza damu yangu ipimwe homoni za tezi ya koo. Tezi ilikuwa imelegea, jambo ambalo mionzi huweza kulileta baada ya miaka mingi. Tangu hapo nameza kidonge cha levothairoksini, homoni ya tezi hiyo, kila alfajiri, nusu saa kabla ya chai.

Daktari huyo ndiye pia aliyenieleza kwamba dawa nyekundu huweza kudhoofisha moyo, kwamba mionzi ya kifuani niliyopata nikiwa kijana inadai matiti yachunguzwe mapema, na kwamba nikipasuliwa niwaambie watu wa usingizi nilipewa bleomisini, dawa nyingine ya zile dripu, kwa kuwa oksijeni nyingi inaweza kuyadhuru mapafu yangu. Vipimo hivyo vyote ni pesa, na si kila mwaka ninazo. Zikipungua, naanza na moyo.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo karibu na Goma ilipolipuka, tulikimbilia mji wa Sake usiku na watoto wawili, sufuria moja na bahasha niliyoificha kifuani. Jasho liliilowesha, wino ukaanza kutawanyika penye jumla ya dawa nyekundu: miligramu 300 kwa kila mita ya mraba ya mwili. Niliinakili tarakimu hiyo kabla haijafutika. Sasa nakala moja iko kwa dada yangu Bukavu, picha yake imo katika simu ya mume wangu, na karatasi yenyewe nimeifunika plastiki.