Sentry na Shida ya Shujaa Asiyeshindika

Wapenzi wa katuni hapa Moshi wakianza kubishana kuhusu shujaa mwenye nguvu kuliko wote, jina la Sentry halikosekani, ingawa kwangu mimi nguvu zake ndizo zinazoharibu hadithi. Kampuni ya katuni ya Marvel ilimleta mwaka 2000 akiwa na nguvu zinazoelezwa kuwa za jua milioni moja zinazolipuka, huku adui yake mkuu, Void, akiwa upande wa pili wa nafsi yake mwenyewe. Wazo hilo linafaa sana katika hadithi inayojitegemea. Lakini alipoingizwa katika kikosi cha mashujaa kiitwacho Avengers, waandishi walilazimika kumfanya aogope, asite au atoweke vita vilipopamba moto, kwa sababu akipigana kwa dhati hakuna hadithi inayobaki. Hapo ugonjwa wa akili wa Sentry unakuwa breki ya mwandishi, wala si mateso ya mtu. Mwaka 2010 Thor, shujaa mwenzake, alimuua na kuupeleka mwili wake kwenye jua, suluhisho la kivivu kabisa. Jean Grey, shujaa mwingine wa Marvel, katika hadithi ya mwaka 1980 aliyoteketeza sayari yenye wakazi na kisha kujitoa uhai, alitendewa haki zaidi (tuyaache mambo ambayo waandishi waliyabadilisha baadaye), kwa kuwa uamuzi wa mwisho ulikuwa wake.