Kaboom: tuliangalia filamu moja tukaona miisho miwili

Nimeshaangalia Kaboom mara tatu na zote tatu nilikuwa na watu, na zote tatu tumemaliza tukiwa tumegawanyika. Na simaanishi ule mgawanyiko wa mi imenifurahisha kidogo we imekuchosha kidogo, namaanisha mtu anainuka katikati anatoka haongei, mwingine anabaki macho yamemtoka mpaka majina yanapita yote halafu anasema rudisha mwanzo. Filamu yenyewe fupi, dakika 86 tu, ila ubishi wake sisi uliwahi kwenda mpaka usiku wa manane na siku ya pili watu bado wanatumiana voisi.

Nitaelezea mpaka mwisho wake kwahiyo kama hujaiona na hutaki kuharibiwa, kaiangalie kwanza.

Ni ya Gregg Araki, Mmarekani, kaandika mwenyewe, kaongoza mwenyewe, ilitoka 2010. Ndani kuna kijana anaitwa Smith, ana miaka 18, anasoma mambo ya filamu kwenye chuo kimoja huko kusini mwa California, anamtamani Thor anayelala naye chumba kimoja hosteli lakini huyohuyo Smith analala na msichana anaitwa London, na mtu akimuuliza wewe uko upande gani hana jibu moja na wala hilo halimsumbui. Ana rafiki yake wa damu, Stella, msagaji, ambaye kajiingiza kwenye mapenzi na Lorelei na Lorelei ni mchawi, mchawi kabisa, ukimwacha hakuachi. Haya, usiku mmoja kwenye pati Smith anakula biskuti yenye dawa halafu akiwa njiani anaona wanaume waliovaa vinyago vya wanyama wanamuua msichana mwenye nywele nyekundu, asubuhi hakuna damu hakuna maiti hakuna kitu, hajui kama kaona kweli au ni maruweruwe. Na huyo msichana alishamuota kabla ya kumuona, kwenye ndoto yenye korido. Kutoka hapo stori inakimbia, dhehebu la siri, baba aliyeambiwa kafa, unabii, mwisho wa dunia.

Wanaoichukia karibu wote wanaanza na ngono, wanasema imezidi, na kweli ipo nyingi, watu wanalalana kama wanavyopeana namba za simu. Mimi hiyo sababu niliikubali mwanzoni mpaka nilipombana rafiki yangu mmoja aliyetoka nje, nikamwambia mbona tumeangalia wote muvi zenye uchi kuliko hii na hukutoka, akafikiri akafikiri akaniambia kitu ambacho sijakisahau, "tatizo hakuna anayejuta".

Aisee hapo ndo nilipoanza kuielewa hii vita. Sisi wote tumekulia kwenye muvi za kutisha za vijana wa chuo na tunajua sheria yake bila kufundishwa: waliolala pamoja wanachinjwa wa kwanza, msichana mpole asiye na mambo mengi ndo anabaki hai mpaka mwisho, tumeiona hiyo mara mia na mwili umeshazoea, ukiona wawili wanavuana nguo tu unaanza kumtafuta mwenye kisu yuko nyuma ya mlango gani. Sasa Araki anakuwekea kila kitu cha muvi hiyo, hosteli, pati, vinyago, giza, halafu wawili wanavuana nguo na hakuna anayetokea. London anampenda anayemtaka, asubuhi anaamka yuko sawa na anachekesha kuliko wote. Kwahiyo unakaa na ile hofu uliyoiandaa haina pa kwenda. Kuna watu hiyo hali inawafanya wacheke kwa raha na kuna watu inawakera kweli kweli, wanahisi filamu haina msimamo, na siwalaumu, maana muda wote wanasubiri deni lilipwe.

Halafu kuna suala la kucheka. Rangi zake zinang'aa kama pipi, muziki laini wa kuelea kama umelala nusu, maneno yao makali ya haraka, halafu ghafla mtu anafukuzwa gizani na unaogopa kweli. Haikwambii sasa cheka sasa ogopa. Waliozijua kazi zake za miaka ya tisini walicheka mapema zaidi kuliko sisi, mfano wakimuona tu mwigizaji James Duval anatokea kama Messiah, yule msimamizi wa hosteli anayeonekana kalewa bangi saa zote, wanamkumbuka kwenye The Doom Generation ya 1995 na nyinginezo, kwao ni kama ndugu kaingia mlangoni. Mgeni anaona mlevi tu. Nadhani nusu ya ugomvi wetu mara ya kwanza ilikuwa hiyo, wawili walikuwa wanamjua Araki na sisi wengine tulikuwa hatumjui, tukawa tunawaangalia wanavyocheka tunajiuliza wanacheka nini.

Na huyu bwana kugawa watu hakuanza hapa. Hiyo Doom Generation, mhakiki maarufu wa filamu wa Marekani Roger Ebert aliipa nyota sifuri, sifuri, halafu mhakiki huyohuyo Mysterious Skin ya 2004, nayo ya Araki, akaisifu. Kaboom yenyewe ilionyeshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes, Ufaransa, 2010 na ndo ilikuwa ya kwanza kabisa kupata Queer Palm, tuzo iliyoanzishwa mwaka huohuo kwa filamu zinazogusa maisha ya wapenzi wa jinsia moja na wengine wasioingia kwenye maboksi ya kawaida. Ukirudi nyuma zaidi, 1930 pale kwenye ukumbi wa sinema wa Studio 28 Paris, filamu ya L'Âge d'Or ya dairekta Luis Buñuel ilifanya vijana wa mrengo wa kulia wakarusha wino kwenye skrini na kuchana michoro iliyotundikwa ukumbini na muda si mrefu polisi wakaipiga marufuku. Nayo ilikuwa ndoto juu ya ndoto na watu wawili wanaotamaniana mbele ya watu wenye heshima zao. Ndoto peke yake watu wanaivumilia, na tamaa peke yake wanaivumilia, ila ukizichanganya mtazamaji hana pa kushika, hawezi kusema hii ni ndoto tu na hawezi kusema hii ni kweli nimhukumu.

Nisiitetee yote. Ile sehemu ya mwisho mimi inaniuma kwasababu mambo yaliyokuwa yananinyima usingizi, vinyago, yule msichana, ndoto ya ile korido, yote yanaelezewa kwa mdomo haraka haraka gari likiwa linakimbia, kila mtu kumbe alikuwa sehemu ya mpango, huyu kumbe yule, yule kumbe sio mlevi. Fumbo zuri kama lile lilistahili muda. Lorelei pia, mchawi wa kiwango kile, naona stori yake imekatwa mkia, ningemfuata yeye peke yake dakika 86 nzima. Hapa niko upande wa waliochukia kabisa.

Ila ule mwisho wenyewe, sekunde zile, hapo ndo tulipopasuka vibaya. Dunia inalipuka. Sayari nzima, pwaa, imeisha, wazuri wote wameshindwa. Rafiki yangu wa "hakuna anayejuta" nilimsimulia akasema unaona, ndo hilo deni limelipwa, wamefanya walivyofanya na Mungu kawafunga. Mwingine aliyeipenda akasema hapana, ni mzaha, dairekta kachoka kafuta ubao. Mimi nilikuwa sina jibu, nilijua tu kwamba haya mawili yote yananikera.

Mara ya tatu niliangalia na dada yangu mkubwa, na kiukweli niliogopa maana yeye sio mtu wa muvi hizi na zile sehemu za kitandani nilikuwa natazama ukuta. Hakutoka. Hakucheka sana pia. Dunia ilipolipuka akanyamaza, akachukua rimoti akarudisha nyuma, akaangalia tena, akarudisha tena, nikamuuliza dada unatafuta nini, akasema natafuta nani kabonyeza. Maana kuna kitufe pale. Na anayekibonyeza ni baba yake Smith, mkuu wa dhehebu, mtu mzima, na mpango wake ni walio wake wajifiche chini ya ardhi wengine wote waungue halafu mwanae aje atawale kilichobaki. Kina Smith na London na Stella wao hawajabonyeza chochote, kosa lao ni kupendana hovyo tu.

Dada akaweka rimoti mezani akasema "sasa hawa watoto wanahukumiwa kwa lipi?" Halafu akaenda kulala, na mimi nikakaa pale nikaandika meseji ndefu kwa yule aliyetoka nje, mpaka leo kaiona na hajajibu.