Ijumaa ya Theluji na Mkate wa Magadi

Mkate uliisha Enniscorthy, mji wa mkoa wa Wexford nchini Ireland, kabla theluji haijafika vifundoni. Ilikuwa Jumatano, tarehe 28 Februari 2018. Idara ya hali ya hewa ya Ireland, Met Éireann, ilikuwa imetangaza kwamba baridi kali inayotoka upande wa Urusi inakuja kukutana na dhoruba iliyopewa jina la Emma inayopanda kutoka kusini, na mji mzima ukaingia madukani kutafuta kitu kimoja, mkate wa slesi. Nilifika na mwanangu saa kumi jioni nikakuta rafu tupu. Mayai yapo, ndizi zipo, hata nyama ipo. Mkate, hakuna.

Mume wangu alikuwa kazini katika nyumba ya kulelea wazee nje ya mji. Wafanyakazi walikuwa wameambiwa waende na nguo za kubadilisha, kwa kuwa barabara zikifungwa wazee hawawezi kuachwa peke yao. Nyumbani tulibaki wawili, mimi na mwanangu wa miaka sita, ambaye asubuhi bila mkate wa siagi huona siku haijaanza.

Hamira nayo ilikuwa imekwisha. Nikaukumbuka mkate wa Waairishi, ule wa mviringo wenye msalaba juu, unaoumuliwa kwa magadi soda. Wenyewe huyaita magadi ya mkate, na jina hilo linatosha kukuonyesha yaliingia jikoni kwao kwa kazi gani. Nilikuwa nimeula mara nyingi kwa miaka miwili niliyokuwa pale na nilijua una vitu vinne tu: unga wa ngano, chumvi, magadi na maziwa. Nilizaliwa Tanga, nikaanza kukanda mandazi kabla sijafika darasa la nne. Sikuona kwa nini vitu vinne vinishinde.

Nikamwaga vijiko viwili vikubwa vya magadi, nikatia maziwa freshi, nikakanda. Nilikanda kama nilivyofunzwa, kwa nguvu za mabega, mpaka donge likawa nyororo na kuvutika. Nikalifunika kitambaa, nikaliweka karibu na bomba la joto liumuke. Saa nzima likabaki vile vile. Nikalioka hivyo hivyo. Lilitoka zito kama kigae, rangi ya manjano iliyoelekea ukijani, na ladha ya sabuni ya kufulia. Mwanangu alitafuna kipande kimoja kwa adabu, akanywa maji, akaniuliza kama tuna ndizi.

Alhamisi Waziri Mkuu wa wakati huo, Leo Varadkar, aliwataka watu wa majimbo ya Munster na Leinster wawe majumbani mwao ifikapo saa kumi jioni. Usiku ndipo dhoruba ilipofika. Nimekulia pwani na kusi naujua, lakini huu ulikuwa upepo wa aina nyingine, unavuma pamoja na theluji na kuisukuma mpaka inaziba mlango. Saa tano umeme ukakatika, na oveni, birika na joto la nyumba vikaenda nao. Tulilala tumevaa makoti, mwanangu kifuani kwangu.

Asubuhi ya Ijumaa nilipofungua mlango sikuliona gari. Mahali pake palikuwa na kichuguu cheupe. Mtaa mzima ulikuwa kimya, na katika nyumba zote moshi ulitoka kwenye bomba moja tu, la bibi wa nyumba ya tatu.

Alikuwa na miaka themanini na kitu, mzaliwa wa mkoa wa Kerry aliyeolewa Wexford. Kwetu mtu wa umri ule humwiti kwa jina lake, kwa hiyo nilikuwa nimemwomba ruhusa nimwite Bibi, nikamweleza maana yake, akapokea. Yeye aliniita *a stór*, yaani hazina yangu kwa Kiairishi. Jikoni mwake mlikuwa na jiko la chuma la kizamani linalokula kuni na makaa ya mawe, ambalo watoto wake walikuwa wamemsihi mara nyingi aliondoe. Siku ile ndilo lililokuwa jiko la mtaa.

Huendi kwa mtu mikono mitupu. Nikaangalia nilichokuwa nacho: unga uliobaki, gudulia la mtindi ninaougandisha mwenyewe kwa sababu mwanangu hali ugali bila mtindi, na ule mkate wa Jumatano ambao sikuwa na moyo wa kuutupa. Nikavifunga vyote kwenye khanga, nikambeba mtoto mgongoni, tukavuka. Hatua kama thelathini, lakini zilituchukua dakika kumi.

Bibi aliupokea mkate wangu kwa uzito kuliko nilivyotarajia. Aliuvunja, ikabidi atumie ukingo wa meza, akaunusa, akaugeuza kwenye mwanga wa dirisha kama daktari na picha ya eksirei.

"Magadi mengi," akasema. "Na hukuyaponda, tazama hivi vidoa. Maziwa hayakuwa machachu. Na umeukanda, a stór. Umeukanda sana."

Nikamwambia mkate usiokandwa siujui.

"Huu hautaki kukandwa. Huu unataka kuharakishwa."

Ndipo nikaelewa nilichokosea. Hamira ni kitu hai, unakipa muda kile na kipumue. Magadi hayana subira hiyo. Yanapokutana na uchachu wa maziwa hewa hutoka papo hapo, na hiyo ndiyo inayouinua mkate, kwa hiyo ukilichelewesha donge mezani hewa yote inakwenda zake kabla ya kuona moto. Na pasipokuwa na uchachu, magadi hubaki na ladha yake ya sabuni. Baadaye nilikuja kujua kwa nini Waairishi waliyapenda hivyo yalipoenea kwao katika miaka ya 1830 na 1840. Ngano ya nchi yenye mvua kama ile ni laini, haina sana ile gundi inayoshikilia hewa ya hamira. Ukiikanda kwa nguvu kwenye mkate wa magadi unapata ugumu bure. Magadi yaliifaa ngano hiyo, na nyumba isiyo na oveni ikaweza kula mkate wa moto kila siku.

Tatizo likawa maziwa. Mtindi wa Kiairishi, yale maziwa machachu yanayobaki siagi ikishasukwa, Bibi alikuwa ameumaliza jana yake. Akaanza kutafuta limau ayachachushe maziwa freshi. Nikamsogezea gudulia.

Alichota kijiko, akaonja, akanyamaza. Akachota cha pili.

"Nani alikuuzia?"

"Nimeugandisha mwenyewe, Bibi. Kwetu ndiyo maziwa."

"Mama yangu alikuwa anatuma mtoto kwa jirani na kopo kuomba haya," akasema. "Ya dukani siku hizi hayana makali."

Akaniamuru nivue pete.

Vidole vyake vilikuwa vimepinda kwa baridi yabisi na bakuli asingeliweza, kwa hiyo mikono ilikuwa yangu na macho yake. Unga tuliupima kwa kikombe chake cha chai chenye mpini uliovunjika, nusu mweupe, nusu wa atta. Magadi alinitilia kijiko kimoja cha chai, akakisawazisha kwa kisu, akanimwagia kiganjani na kuniambia niyaponde kwa mgongo wa kijiko mpaka nisisikie hata chembe moja. Ndipo nikayachunga pamoja na unga na chumvi. Nilipopima baadaye nyumbani nikaona ilikuwa kama gramu 450 za unga, magadi na chumvi kijiko kimoja kimoja cha chai, na mtindi mililita 400 hivi, uliolegezwa kwa maji kidogo kwa kuwa wangu ulikuwa mzito.

Nikafanya shimo katikati, nikamimina mtindi wote kwa mara moja. Kisha akanionyesha mkono. Aliuinua wake hewani, vidole vimeachana na kujikunja kama ukucha wa mwewe, na hapo nikaona kwamba mkono ule haukuwa unaigiza kitu, ulikuwa umekaa hivyo siku zote. Nikaukunja wangu ufanane nao. Duara moja pana kutoka katikati kwenda ukingoni, la pili, la tatu, na unga ukashikana. Mabega yangu yalitaka kuendelea. Kila nilipokaza mkono Bibi aligonga meza kwa kijiko.

"Toka," aliniambia. "Toka humo."

Donge lilikuwa la kunata, lina mabonde, halina sura. Tanga ningelirudisha. Nikalitua kwenye unga, nikalizungusha mara moja tu kulikusanya, nikaliweka kwenye trei. Akachukua kisu akanipa.

"Kata msalaba, kina kirefu, mpaka karibu na chini. Moto uingie katikati, na baadaye uumege mara nne." Kisha akamgeukia mwanangu na kumwambia kwa sauti ya chini kwamba pembe zote nne lazima zichomwe kwa ncha ya kisu, vibwengo watoke, la sivyo wataharibu mkate. Mwanangu alizichoma mwenyewe, akiniangalia kila anapochoma. Bibi akafanya ishara ya msalaba, mimi nikasema bismillahi, na mkate ukaingia jikoni.

Joto la jiko lile halikuwa na namba. Alikuwa ametupa unga kidogo kwenye bati ndani, akaangalia unavyobadilika rangi, akaridhika. Robo saa ya moto mkali, halafu akaupunguza kwa nusu saa nyingine. Kwangu leo ni nyuzi 230, kisha 200.

Tulipokuwa tunasubiri alinisimulia alivyoujua mkate huu Kerry, kabla umeme haujafika kijijini kwao. Hapakuwa na oveni. Palikuwa na chungu cha chuma chenye mfuniko, *bastible*, kinatundikwa juu ya moto wa turf, ule udongo mweusi wa kwenye mabwawa unaokatwa kama matofali, ukakaushwa na kuchomwa. Mama yake alikuwa akiweka mkate ndani, anafunika, kisha anachota makaa kwa koleo na kuyapanga juu ya mfuniko.

Nikamwambia asimame hapo. Nikamwonyesha kwa mikono bibi yangu wa Pangani na mkate wa kumimina: sufuria juu ya kigae cha makaa, mchele uliosagwa na nazi na iliki vimeshaumuka, na juu ya mfuniko makaa mengine. Mimi ndiye niliyekuwa nikipalia. Nilikuwa na umri wa mwanangu, na nikipunguza makaa upande mmoja mkate ulitoka mweupe upande huo na bibi akanionyesha. Bibi wa Kerry alisikiliza bila kunikatiza. Kisha akauliza swali ambalo hakuna mtu mwingine Ireland aliyewahi kuniuliza.

"Na majivu yakiingia mlikuwa mnafanyaje?"

"Tunapuliza, Bibi."

"Ndiyo," akasema. "Unapuliza."

Harufu ilijaa mpaka dirisha likatoa jasho. Akautoa, akaupindua kwenye kitambaa, akamwita mwanangu asogeze sikio. Akaugonga chini kwa kifundo cha kidole. Ulitoa sauti ya kitu chenye uwazi ndani, kama ngoma ndogo. Ukiitika hivyo umeiva, ukinyamaza urudishe. Mwanangu aligonga mara sita. Kisha Bibi akaufunga kwenye kitambaa, ganda lisikauke sana, na tukakaa tukiutazama.

Ulimegeka mahali palepale kisu kilipopita, robo nne, mvuke ukitoka. Ganda lilikuwa gumu na la kahawia, ndani laini na zito kidogo, lenye uchachu ambao ulimi wangu uliujua tangu utotoni. Siagi yenye chumvi iliyeyuka kabla sijafika ukingoni. Mwanangu alikula robo nzima bila kusema neno, akanyoosha mkono.

Jumamosi tulioka miwili, mmoja wa kwetu na mmoja wa mzee wa upande wa pili wa barabara. Mtindi ukaishia hapo.

Mume wangu alirudi Jumapili, theluji ikiwa imeanza kulegea. Sehemu ya mwisho alitembea kwa miguu, na kifuani, ndani ya koti, alikuwa amebeba mkate wa slesi ambao mwenzake kazini alikuwa amemgawia. Alifurahi sana kuuonyesha. Tulimketisha, tukampa mkate wa Bibi na siagi, na alipomaliza tukaupeleka ule wa slesi nyumba ya tatu kama shukrani. Bibi aliupokea kwa mikono miwili, akamshukuru, akamuuliza habari za wazee wake kazini. Halafu akafungua mlango wa nyuma, akauchana mfuko, akamwita mwanangu wamege pamoja, kipande kwa kipande, juu ya theluji, kwa ajili ya ndege ambao walikuwa hawajala tangu Alhamisi.