Sanaa ya Pande za Chini za Nchi

Wapendwa katika Bwana, wiki hii nimelemewa na ombi ambalo nimelipeleka mbele za Mungu kwa miaka mingi, la ndugu yangu wa damu aliyeiacha imani, na ambalo mpaka leo sijaona hata dalili ya jibu lake. Ninapiga magoti, ninainuka, na mambo yako palepale. Katika uzito huo nimekuwa nikiitazama picha moja ya kale, nakala yake tu, kwa maana yenyewe imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Albertina mjini Vienna.

Aliyeichora kwa rangi za maji, mwaka 1503, ni Albrecht Dürer, Mjerumani wa Nuremberg. Miaka mitano kabla ya hapo alikuwa ametoa michoro ya Ufunuo wa Yohana, pamoja na wale wapanda farasi wanne wakiwakanyaga watu, na sifa zake zikaenea Ulaya. Angeweza kuendelea na malaika na mazimwi maisha yake yote. Badala yake akaketi mbele ya bonge la majani ambalo mkulima yeyote angelipiga jembe bila kufikiri: nyasi ndefu, gugu lenye majani mapana yaliyolala karibu na ardhi, na maua yaliyojifunga vichwa. Sehemu ya chini ameuacha udongo wazi kidogo, hata baadhi ya mizizi ikaonekana, myembamba, imechorwa kwa uangalifu uleule aliowapa wale wapanda farasi.

Zaidi ya karne nne baadaye, nchini Austria, mtaalamu wa mimea Lore Kutschera, akisaidiana na Erwin Lichtenegger, aliipeleka kazi ya namna hiyo mbali zaidi. Walichimba shimo kando ya mmea, wakauondoa udongo kidogo kidogo kwa mkono, kisha wakauchora mfumo mzima wa mizizi kama ulivyotandaa. Katika michoro hiyo, juu ya usawa wa ardhi unaona kijimea kifupi tu, lakini chini yake karatasi imejaa nyuzi za wino zinazoshuka, zinazogawanyika na kutafuta unyevu mahali ambapo hakuna jicho la mtu lililowahi kufika. Nilipoitazama nilikumbuka neno la Daudi, kwamba aliumbwa kwa siri na kuungwa kwa ustadi pande za chini za nchi. Mungu wetu ni Msanii asiyengoja watazamaji ndipo aanze kazi.

Bwana Yesu naye alisema habari za mtu aliyemwaga mbegu, akawa akilala na kuondoka, usiku na mchana, nayo mbegu ikamea na kukua, "asivyojua yeye". Wewe uliyechoka kuomba, mama unayemwombea mumeo, baba unayemlilia Mungu kwa ajili ya binti asiyepokea simu zako, usipime kazi ya Mungu kwa jani ulionalo leo. Ng'oa mche wa kunde wakati wa palizi uone vinundu kwenye mizizi yake. Kipasue kimoja kwa ukucha, nawe ukikikuta chekundu ndani, ujue bakteria wamo kazini wakiulisha mmea naitrojeni kutoka katika hewa, ingawa huko juu bado hujaona hata ua. Endelea kuomba, mpendwa. Omba ukiwa na machozi, na omba hata siku ambayo machozi yamekauka na maneno yamekwisha.

Hapa, hata hivyo, sina budi kusema neno gumu. Michoro ile ya Austria ilikuwa na gharama yake, kwa kuwa mmea uliofukuliwa mizizi yote hauwezi tena kuzaa pale ulipopandwa. Kwa ajili ya elimu, gharama hiyo ilistahili. Lakini sisi tunafukua mizizi yetu kwa ajili gani? Tumeanza kujipiga picha tukiwa katika maombi ya faragha, tunatangaza siku za mfungo wetu katika makundi ya simu, tunampelekea mjane unga wa sembe na kumsimamisha mbele ya kamera akiwa ameshika mfuko. Bwana alikwisha kusema kwamba watu wa namna hiyo wamekwisha kupata thawabu yao, naye aliwasema watu wa dini, wala si wapagani. Wazee wa kanisa nasi viongozi wa vikundi ndio wa kwanza kuambiwa hili, kwa sababu vijana wamejifunza kwetu.

Basi wiki hii kila mmoja wetu achague ombi moja au tendo moja la rehema, alifanye akiwa amefunga mlango, wala asilisimulie hata katika ibada ya nyumba kwa nyumba. Shuhuda zitakuja suke likishapevuka, na siku hiyo tutazishangilia pamoja.