Siku moja maishani mwangu: kitanda cha Keko

Saa 11 alfajiri. Nimebandika chai, nimefungua rasimu ya kundi la nne. Nafundisha usimamizi wa biashara hapa Dar es Salaam, na kazi kubwa ya muhula kwenye somo langu ni uchunguzi kifani, yaani kuandika kisa cha kweli cha biashara iliyokabiliwa na uamuzi mgumu: wanafunzi watano, kampuni moja, wiki kumi. Kundi la nne wamechagua kiwanda cha saruji cha Wazo Hill. Kurasa 12. Uzalishaji kuanza 1966, upo. Kuingia soko la hisa 2006, upo. Dira na dhima zimenakiliwa neno kwa neno. Lakini kwenye kurasa zote hizo hakuna mtu hata mmoja anayekuna kichwa asijue la kufanya. Naandika pembeni: "Hili ni tangazo. Niletee tatizo."

Siwalaumu sana. Kampuni iliyo soko la hisa inalazimika kutangaza hesabu zake, kwa hiyo takwimu zipo tele. Wa kukaa naye akakueleza alivyokosa usingizi ndiye haonekani. Nimewaelekeza wasome ripoti za mwaka za miaka mitano mfululizo, waone ni wapi gharama ziliruka, waanzie hapo.

Saa 1. Basi la mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama hadi kituo cha Fire.

Saa 2:30, darasani. Nawaeleza kisa cha kwanza cha biashara kilichoandikwa Harvard, mwaka 1921. Kilihusu kampuni ya viatu, The General Shoe Company, na kilikuwa kifupi mno: wafanyakazi wanaacha kazi kabla ya muda wa kutoka, uongozi ufanye nini? Basi. Hakuna sifa za mwanzilishi, hakuna jibu mwishoni. Mwanafunzi mmoja akauliza, "Madam, sasa maksi tunapata wapi kama hatutoi jibu?" Nikamwambia jibu linakwenda kwenye mwongozo wa mwalimu, karatasi tofauti. Kisa chenyewe kinamwacha msomaji pale pale alipo mwenye biashara, na taarifa zile zile alizonazo yeye.

Saa 5, Keko. Huku ndiko moyo wangu uliko. Makochi na vitanda vimepangwa hadi ukingoni mwa barabara, vumbi la mbao linakupokea kabla ya mtu. Nimewasindikiza kundi la pili kwa mzee mwenye karakana.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba wanangu. Ninyi ni watu wa TRA, wa kodi?"

Barua ya utambulisho yenye muhuri ikatoka. Nikamwahidi mbele yao kwamba jina lake halitaandikwa, na kwamba kazi haitatoka darasani kabla hajasomewa yote na kuridhia kwa saini. Hapo ndipo alipovuta benchi.

Mwanafunzi wa kwanza akauliza lile swali la siku zote: "Mzee, changamoto zenu ni zipi?" Akapata majibu ya siku zote: mtaji, umeme, bei ya mbao. Nikamnong'oneza binti wa kundi: muulize kuhusu kitanda cha mwisho kutengenezwa, hatua kwa hatua.

Mzee akainuka, akafunua turubai. Kitanda cha mninga, kimepigwa vanishi, kinang'aa. Mteja alitanguliza pesa, akaahidi kumalizia, ni mwezi wa pili sasa haonekani. Jana amekuja mwingine na fedha taslimu, anakitaka. Na Ijumaa muuza mbao anafuata chake. Akiuza, huyu wa kwanza ni mwalimu aliyemletea wateja nusu ya shule yake. Asipouza, mafundi hawalipwi.

Wanafunzi walinyamaza. Kalamu zikaanza kukimbia zenyewe. Binti akaomba kuona daftari, na kwa ruhusa ya mzee wakahesabu vitanda vilivyoandikwa "bado". Saba. Na kila kimoja, malipo ya awali yalitosha mbao tu. Ujira wa fundi, mzee aliutoa mfukoni mwake. Nimefundisha mtiririko wa fedha ubaoni miaka mingi. Sijawahi kuona ukieleweka haraka hivyo.

Saa 8. Wali maharage kwa mama lishe, na kurudi.

Saa 10 jioni, ofisini. Kundi la sita wanamlalamikia mwenzao asiyefika vikao. Kila kundi lina ukurasa wa mwisho wa nani alifanya nini, umesainiwa na wote. Kwa hiyo mjadala ulikuwa mfupi. Nimempa wiki moja, aende mwenyewe kumhoji mhasibu.

Saa 3 usiku. Simu inalia ujumbe. Binti wa kundi la pili ameniletea aya ya kwanza: "Jumatano asubuhi, mwenye karakana amesimama mbele ya kitanda ambacho si chake tena, na bado si cha mtu mwingine." Nimeisoma mara tatu. Sijagusa hata nukta.

Kisha ujumbe wa pili: "Madam, mzee amenipigia. Anauliza sisi wasomi tunaonaje, auze? Nimjibu nini?"

Nimekaa na simu mkononi muda mrefu. Mwisho nimemwandikia: ile hesabu ya vitanda saba, iandike vizuri kwenye karatasi moja, pesa iliyoingia na iliyotoka kwa kila kitanda. Mpelekee kesho, kabla ya Ijumaa. Na nauli nitakutumia.