Chuma cha zamani, gia za leo

Kazi hii nimeitamani kwa muda mrefu na kuiogopa kwa muda huohuo. Baiskeli yangu ya mbio ni ya chuma, yenye mabomba membamba yaliyoungwa kwa shaba ya kuyeyushwa. Rangi imepauka, lakini chuma chenyewe ni kizima. Kilichochakaa ni vile vilivyofungwa juu yake: rimu, breki, gia, beringi. Sasa nimeanza kuvibadilisha, na kila nikimaliza kunawa grisi najikuta nina jambo la kuandika.

Kabla sijashika spana nilijiwekea sharti moja. Fremu haitobolewi, haikatwi. Kila kipya kinachoingia kiweze kutoka, na kila cha zamani kinachotoka kinafutwa, kinapakwa mafuta na kuwekwa sandukuni. Atakayeirithi baiskeli hii akitaka kuiona kama ilivyozaliwa, aikute.

Nilianza na magurudumu. Najua wengi hukimbilia gia, lakini rimu zangu zilikuwa za chuma cha kromu, na aliyewahi kushuka mlima wa lami iliyolowa kwa rimu za namna hiyo anajua ninachosema: unabana breki, raba zinateleza, unabana zaidi, na kona bado inakuja. Rimu za alumini zinashika hata zikiwa zimelowa. Mwenye nafasi ya kubadilisha kitu kimoja tu kwenye baiskeli ya zamani, namsihi abadilishe hicho.

Sasa, rimu mpya haziji peke yake. Zile za zamani zilikuwa za inchi 27, ambazo tairi yake hukaa kwenye kipenyo cha milimita 630. Za siku hizi, 700C, ni milimita 622. Ukigawanya tofauti hiyo kwa pande mbili, ukingo wa rimu umesogea milimita 4 kuelekea katikati ya gurudumu, na raba za breki lazima ziufuate. Breki za kawaida za mbio huishia milimita 49 kutoka kwenye skrubu inayozishika, na kwa fremu yangu hazitoshi. Nimefunga za mikono mirefu, zinazofika hadi 57. Ugumu ulikuwa kwenye skrubu yenyewe. Breki nyingi za kisasa hukazwa kwa nati inayozama ndani ya tundu, na kuiweka hiyo ningelazimika kupanua tundu la nyuma ya foki, ile panda inayoshika gurudumu la mbele, kwa kekee. Sharti langu likakataa. Zipo bado zinazotengenezwa na skrubu ndefu na nati ya nje, nikazitafuta mpaka nikazipata. Zile milimita 4 nazo zimeniachia nafasi ya tairi za upana wa milimita 28, nene kuliko nilizozizoea, zinazohitaji upepo mdogo zaidi na kuituliza barabara mbovu. Nimefurahi kupita kiasi.

Sehemu niliyoiogopa ni ya nyuma. Fremu za enzi za gia 6 au 7 zina nafasi ya milimita 126 kati ya masikio yanayoshika ekseli. Habu, yaani vitovu vya gurudumu, za mbio za kisasa zenye ekseli ya kufungua kwa mkono, kuanzia gia 8 hadi 11, zinataka 130. Milimita 4 zinaonekana kidogo kwenye rula, ila ukiishika fremu unayoipenda na kufikiria kuipanua, mkono unasita. Chuma kinaruhusu jambo hili: kikivutwa kupita mpaka wake kinabaki pale kilipofika, na nguvu yake haipungui kwa kiasi cha kutia hofu. Alumini na kaboni hazivutwi kamwe, kwani hupasuka.

Wapo wanaopanua masikio kwa vidole tu kila wanapoingiza gurudumu, na inakubali. Mimi nilitaka yakae sawa moja kwa moja. Nilivuta upande mmoja, nikapima, kisha mwingine, milimita 2 kila upande. Halafu nilifunga uzi kutoka sikio moja la nyuma, nikauzungusha shingoni mwa fremu, nikaurudisha hadi sikio la pili. Umbali kati ya uzi na bomba la kiti ukilingana kushoto na kulia, fremu imenyooka. Nilirudia mpaka ukalingana. Sijawahi kuupenda uzi kiasi kile.

Habu mpya imeniletea kaseti, rundo la meno linalovishwa juu ya habu, badala ya friwili, rundo la zamani linaloskrubiwa, na hapa siwasikitikii watengenezaji wa zamani hata kidogo. Friwili hujifunga kwenye nyuzi za skrubu za habu, na beringi ya kulia inabaki mbali ndani, huku kipande kirefu cha ekseli kikibeba mzigo bila msaada. Kadiri gia zilivyoongezeka ndivyo kipande hicho kilivyorefuka, na ekseli nyingi zikapinda au kukatika. Kwenye habu ya kaseti beringi imesogezwa nje, karibu na sikio la fremu. Ni akili nzuri, na nimeipokea kwa mikono miwili.

Hesabu ya kupanda mlima nayo inapendeza. Zamani gia yangu nyepesi kabisa ilikuwa meno 42 mbele na 24 nyuma: mzunguko mmoja wa pedali, gurudumu linazunguka mara 1.75. Sasa ni 34 kwa 28, mara 1.21. Magoti yangu yameshapiga kura.

Upande wa krenki, mikono inayoshika pedali, ulinishangaza kwa wepesi wake. Pale krenki inapopita, fremu yangu ina nyuzi za skrubu za Kiingereza, upana wa milimita 68, na vikombe vya kisasa vyenye beringi za nje vimetengenezwa kwa nyuzi hizohizo. Kilichotaka subira ni kikombe cha zamani cha kulia, ambacho hufunguka kwa kuzungushwa kama saa inavyokwenda, kinyume cha skrubu za kawaida. Mafuta ya kupenyeza, usiku mzima wa kusubiri, spana ndefu, kikaachia.

Kilichonigusa ni vile vijiti viwili vya gia kwenye bomba la chini. Kampuni ya Shimano ilileta gia za kujipigia hatua, mbofyo mmoja gia moja, mwaka 1984 kwenye vifaa vyake vya mbio vya Dura-Ace, na mwaka 1990 ikaziunganisha na vishikio vya breki. Mshindani wake Campagnolo akafuata na vishikio vyake vya namna hiyo, Ergopower, mwaka 1992. Vyangu ni vya kabla ya yote hayo: unasikiliza cheni, unasogeza kidogo, unasikiliza tena. Navipenda. Hata hivyo kwenye msongamano wa magari nataka mikono yote miwili usukanini, kwa hiyo vimeingia sandukuni, na pale vilipokuwa nimefunga vituo vya waya vinavyokaa kwenye vifundo vilevile vya fremu vilivyoshika vijiti. Hakuna kilichoguswa.

Shingo ya usukani nimeiacha. Kipo kipande cha kuingiza kwenye foki kinachokubali shingo nene za leo, lakini kinaharibu mstari mwembamba wa mbele, na uzuri nao una haki yake. Nimetafuta usukani wa milimita 26.0 usioshuka sana, ukaingia bila ubishi.

Kilichobaki ni kibadilisha gia cha nyuma. Kwa gia 11 zilizobanana hivi, sikio linalokishika likipinda kidogo tu cheni itarukaruka, nami nimeshaona kwamba langu limeinama kuelekea kwenye spoki. Ni chuma, sehemu ya fremu yenyewe, kwa hiyo linanyooka. Nitalipima dhidi ya rimu pande zote nne, nilirudishe polepole, ndipo nivute waya.